Taka Mbili Zisizokutana

Hapana furaha iliyo sawa na furaha ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Mkulima hutazama juu akashukuru. Mtoto hutoka nje akacheza. Mama huweka karai na sufuria chini ya michirizi ya bati. Na mzee aliyekuwa akilalamika juu ya vumbi hunyamaza. Sisi watu wa nchi ya jua tumefundishwa tangu utoto kwamba mvua ni baraka, na kwamba baraka haihojiwi. Mimi nami nilisadiki hivyo, mpaka siku moja ya mwezi wa Aprili niliposimama chini ya kibanda mjini Kisumu, nikingoja mvua ipungue, nikatazama mtaro uliopita miguuni pangu.

Maji yale yalikuwa meusi. Juu yake palielea utando wenye rangi za upinde wa mvua, kwa kuwa hatua chache kutoka pale palikuwa na uwanja wa mafundi wa magari, na udongo wa uwanja ule ulikuwa umekunywa oili kwa miaka mingi. Ndani ya mtaro zilipita chupa, mifuko, samadi ya mbuzi, povu la sabuni, na uchafu mwingine ambao adabu hainiruhusu kuutaja. Nikamwuliza kijana mmoja aliyekuwa amejikinga pamoja nami, "Maji haya yanakwenda wapi, kijana wangu?" Akanijibu bila ya kugeuka, "Yanakwenda ziwani, mzee. Yataenda wapi tena?" Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa faraja, "Ziwa ni kubwa."

Ziwa ni kubwa! Maneno hayo matatu nimeyasikia baadaye katika vinywa vingi: vya wafanya biashara, vya watu wenye vyeo, hata vya watu waliosoma sana. Insha hii nimeiandika ili niyapinge. Nasema kwamba ziwa si kubwa kama tudhanivyo. Kwamba maji machafu ya mvua yaweza kuchujwa kabla ya kulifikia. Kwamba kitu kimoja kifaacho kuyachuja kinaoza na kuungua bure katika mashamba yetu. Na kwamba kinachotuzuia kukitumia si umaskini, bali ni dharau.

Nianze na ziwa lenyewe. Ni kweli kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwamba nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, zinaligawana. Lakini mji wa Kisumu haukukaa katika ukingo wa maji hayo makuu. Umekaa ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, na ghuba hiyo ina kina kifupi, nayo imeunganishwa na ziwa kwa mlango mwembamba. Mfano wake ni mfano wa chumba cha ndani katika nyumba kubwa. Mtu aliyejaziwa moshi katika chumba cha ndani hafarijiki kwa kuambiwa kwamba nyumba ni kubwa. Mito ya Kisat na Auji, ambayo hupita mjini na kupokea mitaro yake, humwaga maji katika ghuba hiyo. Na kutoka katika ghuba hiyo hiyo, pale Dunga, mji huvuta sehemu ya maji yake ya kunywa. Tunatema, basi, katika mtungi tunaokunywa.

Ghuba imekwisha kutuonya mara nyingi. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilienea juu ya maji yake hata likaziba bandari ya Kisumu, vyombo vikashindwa kupita na wavuvi wakakaa pwani na nyavu zao mikononi. Watu walililaani gugu lile kana kwamba ni adui aliyeshuka kutoka mbinguni. Walakini gugu, kama kiumbe chochote, haliishi bila ya chakula. Chakula chake ni nitrati na fosfati, na sisi ndio tuliomwandalia mgeni huyo meza: kwa mbolea iliyochukuliwa na mvua kutoka mashambani, kwa vyoo vilivyofurika, kwa samadi na sabuni za mitaa yetu. Mwenye kumlisha mgeni kila siku asishangae kumwona haondoki.

Yako pia mambo mabaya kuliko gugu. Gugu huonekana, lakini risasi, zinki na shaba hazionekani. Madini haya hutoka katika betri kuukuu, katika breki na magurudumu ya magari, katika rangi na katika mabati yanayoliwa na kutu. Hayaozi wala hayafi. Mnyama akifa mtoni, wadudu watamla na mifupa yake itakwisha. Lakini risasi iliyoingia katika udongo leo itakuwamo hata wajukuu wetu watakapozeeka. Wakazi wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, wanaijua habari hii kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa karibu na nyumba zao, risasi ikaingia katika vumbi, katika maji na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi hao walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wao. Haki ilipatikana, lakini hakuna hakimu awezaye kuiamuru risasi itoke katika mifupa ya mtoto.

Sasa na tuitazame mvua yenyewe, maana ndani ya tabia yake imo silaha ya kumshinda adui. Uchafu wa barabara na viwanja haukusanyiki siku ya mvua. Hukusanyika siku zote za kiangazi. Oili hudondoka tone kwa tone, vumbi la magurudumu hulala njiani, mavi ya mifugo hukauka. Inaponyesha, aghalabu sehemu kubwa ya uchafu huo huondoka na maji ya mwanzo. Maji yanayofuata, ijapokuwa ni mengi zaidi, huwa na uchafu mchache. Kwa hiyo mtu atakayeyakamata maji ya mwanzo atakuwa amemkamata mwizi mlangoni, kabla hajatawanyika katika mji. Msomaji aliweke neno hili moyoni, kwa sababu tutalihitaji mbele.

Tuache mtaro kwa muda, tufuate njia iendayo mashariki mpaka Ahero, safari isiyofika kilomita 30. Hapo tumo katika uwanda wa Kano, ambako mpunga wa kunyweshea umelimwa tangu mwisho wa miaka ya 1960. Katika kila kilo 100 za mpunga zinazoingia kinuni, kilo 20 hivi hutoka zikiwa makapi. Mchele hupelekwa sokoni, na makapi hubaki. Baadhi yake huwekwa chini ya kuku, na mengine huchomea matofali. Lakini yaliyosalia hurundikwa mpaka yakawa vilima, kisha hutiwa moto, moshi ukaingia katika nyumba na vifua vya watu. Tukiendelea mpaka Chemelil na Muhoroni tutaingia katika nchi ya miwa. Muwa ukikamuliwa, karibu asilimia 30 ya uzito wake hutoka ikiwa makapi mabichi. Viwanda huyatumia mengi ya makapi hayo kuwashia matanuri yao, na hivyo ni vyema. Lakini si yote yanayotumika. Ongeza magunzi ya mahindi katika kila boma, na maganda ya kahawa huko milimani. Huko Pwani ongeza makumbi na vifuu vya nazi.

Tazama basi ajabu yetu. Magharibi mwa njia kuna maji machafu yasiyo na chujio, na mashariki mwa njia kuna machujio yanayochomwa moto. Taka hizi mbili zinaishi katika uwanda mmoja, chini ya serikali moja ya kaunti au majirani zake, na hazijakutana. Moja yachafua maji, nyingine yachafua hewa. Lau zingekutana zingesaidiana, na sisi tungepona katika zote mbili.

Labda mwanafunzi atauliza: makapi yawezaje kuchuja sumu? Swali ni zuri, na jibu lake si la uganga. Makapi yana kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuzuia. Makapi yakichanganywa na mchanga hupunguza mwendo wa maji, na maji yaendayo polepole hutua mzigo wake. Tope hubaki juu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya madini na fosfati husafiri imeng'ang'ania chembe za tope, anayelizuia tope amewazuia na abiria wake.

Kazi ya pili ni kunasa. Katika kuta za kumvi, gunzi au kumbi zimo sehemu zenye chaji hasi ya umeme, na madini kama risasi, shaba na zinki yakiwa ndani ya maji huwa na chaji chanya. Vitu viwili hivi huvutana, madini yakanaswa. Makapi hayo yakichomwa katika chombo kilichofunikwa, hewa ikiwa haba, hayawi majivu bali huwa makaa yenye vitundu vidogo visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo hunaswa oili na sumu nyingine nyingi. Nguvu hii haikugunduliwa jana. Mwaka 1785 mwanakemia Tobias Lowitz, katika mji wa Saint Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba makaa huondoa rangi na harufu katika maji maji yaliyochafuka. Siku hizi viwanda huyatia makaa nguvu kwa mvuke au kwa kemikali, hata gramu 1 ikaweza kuwa na nyuso za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000. Gramu 8 za makaa ya namna hiyo, ambazo hazijazi kiganja cha mtoto, zina eneo linalozidi uwanja mzima wa mpira. Makaa tunayoweza kuyachoma wenyewe katika pipa hayafikii daraja hiyo. Lakini yamo katika ukoo huo huo.

Kazi ya tatu ni kulisha. Makapi na vipande vya miti vinapolowa mahali pasipo na hewa, bakteria hukaa ndani yake na kuvila taratibu. Bakteria hao huhitaji oksijeni, na wasipoipata katika hewa huichukua kutoka katika nitrati. Nitrati ikavunjika, na naitrojeni yake ikarudi hewani bila ya madhara. Chakula cha gugumaji hugeuka kuwa pumzi. Wakulima wa Marekani na New Zealand wamechimba mahandaki yaliyojazwa vipande vya miti kandokando ya mashamba yao kwa ajili ya kazi hii tu, wala hawakuona haya.

Ushahidi wa mambo haya upo. Katika jimbo la Washington, Marekani, samaki aina ya salmoni walikuwa wakifa kila mvua iliponyesha mijini. Wataalamu waliyachukua maji yaliyotiririka kutoka barabara kuu wakawatia samaki ndani yake. Samaki wakafa kabla ya siku moja kupita. Kisha waliyapitisha maji yale yale katika mchanganyiko wa mchanga, mboji na maganda ya miti yaliyosagwa, wakawatia samaki wengine, samaki wakaishi. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2015, hata kabla ya sumu yenyewe kujulikana kwa jina. Mwaka 2020 ndipo ilipobainika kwamba muuaji mkuu alitoka katika dawa inayotiwa katika mipira ya magurudumu ya magari. Mchanga, mboji na maganda vilikuwa vimemkamata muuaji kabla ya wataalamu kumtambua.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kabla ya kuwako mtaro wa saruji, mito ya uwanda wa Kano iliingia ziwani kwa kupita katikati ya mafunjo na matete. Mashina yake yalipunguza mwendo wa maji, mizizi yake ilishika tope, na bakteria walikula katika majani yaliyooza. Kinamasi cha mafunjo kilikuwa chujio lisilodai mshahara. Mabaki yake yapo Dunga hata leo. Sisi tulikiona kama makao ya mbu na ardhi iliyopotea, tukakifyeka tupate mashamba na viwanja. Tuliovunja chujio la asili twawajibika kujenga jingine.

Najua kwamba watu wa "ziwa ni kubwa" hawatanyamaza kwa maneno haya. Na waje tujibizane.

Wa kwanza atasema, "Makapi ni mambo ya ushamba. Taifa linaloendelea linataka mitambo." Ndugu huyu ningependa kumkumbusha habari ya mwaka 1918. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza gesi ya sumu ilikuwa ikiua askari katika mahandaki, na makaa yalitumiwa katika vinyago vya kuwakinga. Marekani ilipohitaji makaa yaliyo bora iliwaomba raia wake, watoto wakiwemo, wakusanye kokwa za matunda na maganda ya karanga ngumu, na ilitumia vifuu vya nazi pia. Taifa lenye viwanda vikubwa halikuona aibu kuinama na kuokota kokwa, maana lilijua kwamba uhai wa askari wake ulikuwa ndani yake. Hata leo makaa ya vifuu vya nazi hutiwa katika vyombo vingi vya kuchujia maji vinavyouzwa kwa fedha nyingi madukani. Ndugu yetu huyu hununua kifuu kikiwa kimevikwa plastiki, na kukicheka kikiwa kimelala shambani. Hilo si pendo la maendeleo. Ni pendo la kanzu pasipo kumjua aliyeivaa.

Wa pili atasema, "Mvua ya masika ni kubwa na chujio ni dogo; litachukuliwa kama jani." Hoja hii ina uzito, na hesabu ndiyo itakayoipima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Tuchukue uwanja wa gereji wenye mita za mraba 400. Ikiwa tunataka kukamata milimita 5 za mwanzo, ambazo ndizo zilizobeba uchafu mwingi, tutapata lita 2,000. Shimo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1 lazitosha kabisa. Shimo hilo lijengwe kwa saruji, maji yatulie humo, kisha yapite polepole katika chujio. Na mvua iliyobaki ipite juu ikaende zake. Hakuna aliyesema tuweke kikapu cha makapi mbele ya mto uliofurika. Tunasema kila mwenye kuchafua akamate uchafu wake mlangoni pake, maji yakiwa bado ni machache. Haba na haba hujaza kibaba; na mto mchafu ni jumla ya viwanja vichafu.

Wa tatu atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Naam, ni kazi ya serikali, na nitaidai muda si mrefu. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, ilipompa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi, haikuishia hapo. Kifungu cha 69 kinasema kwamba kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine katika kuyahifadhi mazingira. Mtu aliyesoma haki akaruka wajibu amesoma nusu ya kitabu.

Baada ya kuwajibu wapinzani, sina budi kuwageukia marafiki, maana wako wapenzi wa jambo hili wanaoliharibu kwa sifa nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimewasikia wakisema kwamba gunia la makapi litaliponya ziwa, na kwamba maji yaliyopita humo ni ya kunywa. La hasha! Maji yaliyotoka katika chujio hili ni maji yanayostahili kurudi mtoni. Si maji ya kunywa, hata yakiwa meupe kama kioo. Weupe si usafi.

Tena makapi mabichi yana kasoro yake. Siku za mwanzo hutoa maji ya rangi ya chai, na mboji mbichi yaweza kutoa fosfati badala ya kuizuia, nasi fosfati ndiyo tunayoikimbia. Kwa hiyo makapi yaoshwe vizuri, au bora zaidi yageuzwe makaa. Makaa nayo huikamata fosfati kwa udhaifu, kwa sababu nyuso zake na fosfati zote zina chaji hasi, na vya namna moja hufukuzana. Dawa yake tunaikanyaga kila siku: udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni chuma chenye kutu, huishika fosfati kwa nguvu. Mchanganyiko wa mchanga, makaa ya makapi na udongo mwekundu una nguvu kuliko kila kimoja peke yake, mradi udongo usizidi ukaziba njia ya maji.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba chujio hujaa. Sumu iliyonaswa haikutoweka; imehama tu kutoka majini ikaingia katika makapi. Siku itafika ambapo chujio halitaweza kunasa zaidi, na hapo lisipobadilishwa huwa mapambo. Tena makapi yaliyokwisha kutumika katika uwanja wa gereji si mbolea, si kuni, wala si matandiko ya kuku. Mwenye kuyamwaga katika bustani ya sukuma ameirudisha risasi mezani. Mwenye kuyachoma jikoni ameirusha hewani ivutwe na watoto. Ni lazima yakusanywe na kupelekwa kwa wenye leseni ya kushughulikia taka za hatari. Yeyote atakayekufundisha kutengeneza chujio asikufundishe kulizika, amekufundisha nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye madhara.

Hapa ndipo ninapoidai serikali, hasa serikali za kaunti. Fundi wa gereji aweza kuchimba shimo, lakini hawezi peke yake kuanzisha mahali pa kupokelea makapi yenye sumu. Aweza kununua gunia la makaa, lakini hawezi kupima risasi iliyomo katika maji. Mambo manne nayataka, wala si makubwa. Kwanza, kila uwanja wa magari, kila mahali pa kuoshea magari na kila soko lipewalo leseni liwe na shimo la kukamatia maji ya mwanzo na chujio lake. Pili, wenye vinu wapewe soko la makapi yao, na kuyachoma hadharani kukatazwe. Tatu, pawekwe siku za kukusanya makapi yaliyojaa, kama zilivyo siku za kukusanya taka. Nne, maji yapimwe kabla na baada ya chujio, na hesabu zibandikwe mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Bila ya jambo hili la nne yote yaliyotangulia yatakuwa maneno matupu, kwa sababu chujio lisilopimwa ni imani tu, na imani haichuji risasi.

Mwanafunzi usidhani kwamba mazungumzo haya ni ya watu wazima peke yao. Chukua chupa mbili za plastiki, uzikate vitako na kuzigeuza mdomo chini, kila mdomo ukifungwa kitambaa. Katika moja tia changarawe na mchanga mtupu. Katika ya pili tia changarawe, kisha mchanga uliochanganywa na makaa ya makapi yaliyosagwa na kuoshwa. Mimina humo maji ya tope kutoka uwanja wa shule yenu, kila chupa kiasi kimoja, uandike muda wa kupita, rangi na harufu. Usiyaonje hata mara moja. Rudia kila juma mpaka uone chujio likianza kuchoka, maana kujua siku ya kuchoka kwake ndiyo elimu yenyewe. Kisha uwaulize wakubwa wa mji wenu maji ya mtaro unaopita mbele ya shule huchujwa wapi. Uwaulize kwa adabu, lakini uwaulize.

Najua jibu ambalo baadhi yao watalitoa. Watasema kwamba ziwa ni kubwa, au kwamba bahari ni kubwa, au kwamba mto una nguvu. Hapo uwaonyeshe daftari lako. Katika daftari hilo hakutakuwa na ziwa wala bahari. Kutakuwa na uwanja mmoja, shimo moja, lita 2,000 na gunia la makapi, yaani vitu vilivyo katika uwezo wetu.

Kijana yule wa Kisumu hakunidanganya kwa ubaya. Alirudia alichofundishwa na waliomtangulia, na mimi ni mmoja wao. Mvua ilipopungua alinyanyua suruali yake, akauruka mtaro, akaenda zake. Nami nikauruka vivyo hivyo nyuma yake. Kizazi chetu kimeuruka mtaro ule kwa miaka mingi, kikijisifu kwa wepesi wa miguu. Naomba kizazi chenu kisimame, kiiname, kitie mkono.

Masika yatakuja tena, na maji ya mwanzo hayatamngoja mtu. Makapi yapo Ahero yakingoja kiberiti. Atakayeyafikia kwanza, mwenye kiberiti au mwenye gunia, ndiye atakayeamua ni maji gani yatakayoingia Dunga.